Kubadili injini ya Fuso na semi: anza na difu, injini ije mwisho

Fundi wa Ilula (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii imevutwa hadi gereji kwangu Fuso nyingine iliyobadilishwa injini, meno ya difu (gia za kwenye ekseli ya nyuma zinazozungusha matairi) yamesagika. Ni ya tatu tangu mwaka uanze. Wenye magari wote watatu walikuja na maneno yaleyale: "Fundi, injini ni nzima kabisa, sijui difu imekufaje." Injini ni nzima kweli, na uzima wake ndio ulioimaliza difu.

Kazi hii naifanya barabara ya Iringa mwaka wa kumi na tisa sasa, na kosa hili nimewahi kulifanya kwa mikono yangu. Acha nilieleze lilivyokuwa.

Jamaa mmoja alikuwa na Fuso Fighter yenye 6D14, lita 6.5, haina tabo (feni ya kusukumia injini hewa). Aliongeza ekseli nyuma ikawa tandam, akawa anashusha mbao za Mafinga Dar na kupandisha saruji. Kushuka hakukuwa na shida. Kupanda mlima wa Kitonga ndiko kulikomtesa, gia ya kwanza mwanzo mwisho, moshi mweusi, magari yote yanampita. Akapata 6D22 iliyotoka kwenye Fuso kubwa, lita 11, pamoja na gia boksi yake. Akaniletea, nikaifunga. Tulihamisha krosimemba, tukachonga mauntini mpya, tukafupisha propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu). Difu sikuigusa kwa sababu haikuwa inalia.

Safari ya kwanza ya saruji, katikati ya Kitonga, semi moja ilikwama kwenye kona na foleni ikasimama. Ilipofunguka, dereva akaweka namba moja, akaachia klachi. Kikasikika kishindo kimoja. Propela ikawa inazunguka, gari haliendi, linaanza kurudi nyuma. Utingo ndiye aliyeokoa, alishuka na jiwe akaliweka nyuma ya tairi.

Nilipofika nilifungua nati ya kumwagia oili ya difu. Ile nati ina sumaku. Ilitoka imevaa manyoya ya chuma, na katikati yake jino zima la pinioni (gia ndogo ya difu), limekatika shinani, pale lilipovunjika panang'aa kama kijiko kipya. Nilikaa chini ya lile gari nikiwa nimelishika mkononi, nikaelewa kwamba kazi yangu yote ya wiki mbili ilianzia upande usio wake.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme injini ya zamani ilisokota kwa nyutoni mita 500. Gia ya kwanza inazidisha mara 7, difu inazidisha mara 6.5. Kinachofika kwenye ekseli ni 500 × 7 × 6.5, yaani nyutoni mita 22,750. Weka injini yenye 1,000, usibadili kingine chochote: 45,500. Difu ileile, meno yaleyale, na mzigo nyuma hauruhusu tairi kuteleza ili kupunguza hiyo nguvu. Lazima kitu kikatike, na kitakachokatika ni kile chembamba kuliko vyote.

Ndiyo maana nasema anza na difu. Ijue kwanza, ndipo uende kutafuta injini. Karibuni tujadili.

Mwana Makambako

Mkuu umenigusa. Mimi nina Fighter ya 6D16 na nimeshaweka pesa ya awali ya 6D22. Sasa difu unaijuaje bila kuifungua? Kibao chake kilishatoka.

Fundi wa Ilula

Mkuu, usimalizie hiyo pesa kwanza.

Kuijua bila kuifungua ni kazi ya dakika kumi. Egesha mahali tambarare, weka vizuizi mbele na nyuma ya matairi yote yanayobaki chini, gia iwe fri. Kama ni tandam, fanya kwenye ekseli inayosukuma, siyo ile ya kubeba tu. Nyanyua upande mmoja kwa jeki na uweke stendi. Chora mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye tairi. Mwenzako alale pembeni ahesabu, wewe zungusha tairi mara mbili kamili. Ni mara mbili kwa sababu upande wa pili umesimama chini, kwa hiyo tairi lililo hewani linazunguka maradufu ya kraun (gia kubwa ya difu). Idadi ya mizunguko ya propela ndiyo namba ya difu yako. Ikija sita na nusu, una 39 kwa 6: kraun ina meno 39, pinioni 6.

Sasa tumia namba hiyo kutafuta mwendo. Pima mzunguko wa tairi: piga chaki chini, sukuma gari tairi lizunguke mara moja, piga tena, pima kwa futi kamba. Tuseme umepata mita 3.2, na gia ya juu kabisa ni moja kwa moja. Injini ndogo ya Fuso inakubali kwenda hadi mizunguko 2,800 kwa dakika: 2,800 × 60 × 3.2, gawa kwa 6.5, unapata kilomita 82 kwa saa. Hiyo ndiyo Fuso tunayoifahamu. Chukua injini kubwa inayotakiwa iishie 2,200. Ukiacha difu hiyohiyo unapata kilomita 65. Dereva aliyezoea 80 hatakubali 65 tambarare ya Mikumi. Ataikanyaga mpaka gavana imzuie, na kwenye mteremko ataiacha isukumwe na mzigo, mshale upite 2,600, pushirodi zianze kupinda. Nimeziona zimepinda kama mkunjo wa uma.

Na injini za semi zinazopenda kufanya kazi 1,300 hadi 1,500 ndiyo kabisa. Mizunguko 1,500 kwa difu ya 6.5 ni kilomita 44 kwa saa. Kwa difu ya 4 ni 72. Ndiyo sababu Scania inatembea mwendo wake injini ikiwa inanong'ona, difu yake imepangwa na injini yake.

Kijana wa Spea

Kwa hiyo abadili difu tu, tatizo liishe. Difu za mtumba zipo.

Fundi wa Ilula

Zipo kaka, lakini difu kubwa inakuja na nyumba yake, hapo ekseli nzima inabadilika. Hapo tena springi, u-bolti, habu, ngoma za breki na stadi za tairi. Ukimaliza umenunua nusu ya Fuso kubwa na kuifunga kwenye chesisi nyembamba. Kwa pesa hiyo uza Fighter, tafuta Fuso kubwa yenyewe. Mimi mteja akifika na wazo hilo namwambia hivyo hata kama nakosa kazi.

Mzee wa Kasumbalesa

Vijana hamjambo. Nimeendesha semi miaka thelathini na moja, Dar hadi Tunduma, hadi Kasumbalesa na Lubumbashi. Fundi ameeleza kupanda. Mimi nataka kuwaeleza kushuka, maana huko ndiko wenzetu wengi walikobaki.

Sisi tulifundishwa na waliotutangulia: shuka na gia uliyopandia. Kanuni nzuri, imetufikisha uzeeni. Lakini kanuni hiyo ilifanya kazi kwa sababu injini ilikuwa dhaifu. Fuso iliyopanda Kitonga kwa namba mbili, ukishuka nayo kwa namba mbili injini inalishika gari na breki unazigusa tu. Sasa mweke dereva yuleyule kwenye Fuso iliyofungwa injini kubwa. Anapanda kwa namba nne akiimba. Siku ya kurudi anashuka kwa namba nne kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Mzigo ni uleule, ngoma za breki ni zilezile, na gia imekuwa nyepesi mara mbili. Kabla hajafika chini harufu ya lainingi imejaa kabini, pedali inashuka bila kushika kitu.

Kwa hiyo mkibadili injini, mwambieni dereva kwa mdomo: gia ya kushukia ibaki ile ya zamani. Mwandikieni karatasi, bandikeni kwenye dashibodi.

Fundi wa Ilula

Shikamoo mzee. Hili sikuwahi kulifikiri kwa namna hiyo na nimeliandika kwenye daftari langu la kazi. Nitaanza kulisema kwa kila dereva kabla sijamkabidhi funguo.

Naongeza moja tu: ekzosi breki, ile vali inayoziba moshi ili injini ilishike gari. Wengi wakihamisha injini, ile vali ya ekzosi breki inaachwa sakafuni kwa sababu bomba jipya la moshi halilingani nayo. Tafadhali isiachwe. Kama bomba limekuwa kubwa, tafuteni vali ya saizi hiyo na mvute waya na bomba la upepo upya.

Dada Transporter

Habari zenu kaka zangu, shikamoo mzee. Nina Scania R420 mbili. Moja injini imekufa, bloku imetoboka. Kuna watu wananishauri nifunge injini ya Scania ya zamani, 113, wanasema haina umeme, haisumbui, kila fundi wa njiani anaijua. Gia boksi yangu ni Opticruise, ile ya Scania inayobadili gia kwa kompyuta. Naombeni ushauri kabla sijalipia.

Fundi wa Ilula

Dada yangu, kwa Opticruise jibu ni hapana. Opticruise haibadilishi gia peke yake. Inaongea na kompyuta ya injini, inaiambia punguza nguvu, toa gia, linganisha mizunguko, ingiza gia nyingine. Injini ya 113 ina pampu ya kawaida yenye kamba ya mafuta, haina masikio ya kusikia hayo maneno. Ukiifunga, itabidi utoe na gia boksi uweke ya mkono, uweke na pedali ya klachi kama gari lako halina, na bado dashibodi itakuwa inalia taa kila kona kwa sababu ile injini haileti habari za joto, oili wala mizunguko kwenye waya.

Pia angalia unachopoteza. Namba za Scania za zamani zinajieleza zenyewe: 113 ni injini ya lita 11, toleo la tatu, 124 ni lita 12, toleo la nne. DSC11 ya kwenye 113 ina silinda ya milimita 127 na pistoni inasafiri 145. DC12 ya R420 silinda ni 127 ileile, safari ni 154. Ni ndugu, lakini umenunua gari la farasi 420 na utarudi kwenye 320 au 360 huku unavuta tela lilelile.

Tafuta DC12 nyingine ya R420, na hapa uwe makini sana: kuna zenye mfumo wa HPI na zenye PDE, yaani namna mbili tofauti za kupuliza dizeli kwenye silinda. Kwa macho bloku zinafanana. Injekta, hedi, pampu ya mafuta na kompyuta havifanani. Chukua namba ya injini yako iliyokufa, piga picha kibao chake, muuzaji akuonyeshe kibao cha ile anayoiuza. Akikwambia "zote ni moja tu mama", ondoka.

Dada Transporter

Asante sana kaka. Kibao nimeshapiga picha, yangu ni HPI. Niliyokuwa nauziwa kama mbadala wa pili ni PDE, na muuzaji alisema ni ileile. Nimesitisha.

Wa Mlolongo

Salamu kutoka Kenya. Mimi nina lori la Isuzu FVR, injini 6HH1. Makanika wangu anataka kuniwekea 6HK1. Nimeangalia, 6HH1 ni lita 8.2 na 6HK1 ni lita 7.8. Si ni kurudi nyuma huko?

Fundi wa Ilula

Karibu ndugu. Siyo kurudi nyuma. Silinda zote mbili ni milimita 115, tofauti ni safari ya pistoni, 132 kwa 125. Lakini 6HK1 ina tabo na intakula (rejeta ya kupoza hewa ya tabo), kwa hiyo kila pumzi inaingiza hewa nyingi zaidi na inachoma dizeli zaidi. Kwa sisi wa nyanda za juu hilo ni kubwa. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi, karibu sehemu moja ya sita imepungua ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na tabo inanyimwa hiyo hewa, dizeli inabaki ileile, ndiyo ule moshi mweusi. Nairobi nako ni juu vilevile.

Makanika wako yuko sahihi kuchagua ukoo mmoja. Muulize tu mambo mawili: ni 6HK1 ya pampu ya kawaida au ya komoni reli (dizeli inapulizwa kwa amri ya kompyuta), na rejeta itakuwa ipi. Ikiwa ni komoni reli, waya zote, kompyuta na pedali yake vije pamoja na injini. Msikubali "waya tutaunga."

Wa Mlolongo

Shukrani. Na huku lazima pia niende NTSA, mamlaka ya usafiri, kubadilisha namba ya injini kwenye logibuku.

Mwana Makambako

Kwani lazima? Hata huku?

Fundi wa Ilula

Lazima mkuu. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari. Ukibadili, peleka taarifa TRA (mamlaka ya mapato) na karatasi zako za ununuzi, gari likaguliwe, kadi irekebishwe. Na mwambie mtu wa bima. Usinunue injini isiyo na risiti, hata kama bei inavutia.

Kijana wa Spea

Fundi mimi naomba uzungumzie kufunga tabo kwenye 6D16 ya kawaida. Wateja wananiulizia kila siku, ni rahisi kuliko kubadili injini.

Fundi wa Ilula

Ni rahisi kufunga, ni ghali baadaye. Injini iliyozaliwa na tabo haikuongezewa tabo tu. Pistoni zake ni nyingine, na chini yake kuna vijibomba vinavyopuliza oili kwenye tumbo la pistoni ili ipoe. Iliyozaliwa bila tabo mara nyingi haina hivyo vijibomba. Ukiifunga tabo na kufungua pampu ya mafuta, siku ya kwanza inapaa, mwenye gari anakushukuru. Baada ya muda pistoni inayeyuka ukingoni au gasketi ya hedi inapuliza. Kama mteja anataka tabo, muuzie injini yenye tabo tangu kiwandani.

Fundi Mdogo

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa gereji Mbeya. Tulifunga injini nyingine kwenye gia boksi ya zamani, bolti zote zimeingia vizuri, lakini ndani ya mwezi klachi imelegea na beringi ya shafti ya gia boksi imekufa. Tumekosea wapi?

Fundi wa Ilula

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ni zuri kuliko yote humu na nitalijibu taratibu.

Bolti kuingia hakumaanishi mashimo yako katikati. Mlango wa gia boksi, yaani belhausi, una mduara wa bolti na una kingo ya ndani inayokaa kwenye bloku. Injini nyingi za Marekani na Ulaya zinafuata vipimo vya SAE: namba 1 mduara wa bolti ni milimita 530.2, namba 2 ni 466.7, namba 3 ni 428.6, zote bolti 12. Za Kijapani nyingi zina vipimo vyao. Mafundi wengi wakikuta tofauti wanachonga pleti ya kati, na hapo ndipo kosa linapoingia.

Fanya hivi. Toa gia boksi, acha belhausi imefungwa kwenye injini. Chukua daili geji (kipimo cha mshale) yenye sumaku, ibandike kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki), ncha yake iguse ukingo wa lile tundu kubwa la nyuma la belhausi, pale gia boksi inapoketi. Zungusha krenki kwa mkono polepole, mzunguko mmoja mzima, macho kwenye mshale. Ukiona mshale unatembea sehemu mbili tatu za kumi ya milimita, simama. Shafti ya gia boksi inaingia kwenye beringi ya krenki ikiwa imehama katikati kwa nusu ya kiasi hicho, na kila mzunguko inavutwa upande huu na ule. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika hiyo beringi haidumu. Yako huenda ilifia hapo.

Kisha hamishia daili geji kwenye belhausi, ncha iguse uso wa flaiwili, zungusha tena. Halafu irudishe kwenye flaiwili, ncha iguse uso wa belhausi. Andika namba zote tatu kwenye karatasi. Kama mwalimu wako hana daili geji, njoo Ilula, ya kwangu utaitumia bure.

Na ukishafunga, pima pembe ya propela. Injini mpya ikikaa chini au juu kuliko ya zamani, krosi (kiungo cha propela) ya mbele inapinda pembe moja na ya nyuma pembe nyingine. Hizo pembe mbili lazima zilingane ili zifutane. Zisipolingana utasikia gari linatetemeka kwa mwendo fulani tu, utabadilisha senta beringi mara tatu bila kupona.

Fundi Mdogo

Fundi nashukuru sana. Jumamosi nakuja.

Dereva wa Freightliner

Kwa faida ya wengine: mkitoa Cummins N14 kwenye kichwa cha Kimarekani kuiweka kwenye gari la Ulaya au Japani, kumbukeni Wamarekani wanatumia volti 12 na sisi gari zetu ni 24. Jirani yangu aliunguza kompyuta ya injini siku ya kwanza ya kuwasha.

Mwana Makambako

Fundi, nimerudi. Leo asubuhi nimefanya kama ulivyosema, kijana wangu kahesabu. Tairi mara mbili, propela imezunguka mara sita na kidogo, chaki imepita alama kama moja ya sita hivi. Nimerudia mara tatu, ni hivyohivyo. Tairi mita 3.2 na sentimita mbili. Ile pesa ya 6D22 muuzaji amekubali niihamishie kwenye 6D17.

Fundi wa Ilula

Safi sana mkuu. Hiyo ni 37 kwa 6, yaani 6.17. Ya 6D17 itakufaa: ni ukoo mmoja na 6D16 yako, silinda 118 ileile, safari imeongezeka kutoka 115 hadi 125, lita 7.5 kwenda 8.2. Difu yako itabeba hilo ongezeko. Kabla ya kulipa, zungusha krenki kwa mkono, fungua sampu uangalie kama kuna chembe za beringi, na toa nozeli zote sita ipimwe kompresheni.

Gia boksi yako usiiuze. Kesho nitumie picha ya belhausi kwa nyuma, na rula ionekane pembeni.